Mheshimiwa anasema anapinga ushuru: nitajuaje kama anamaanisha?

Swali la leo ni la mama mmoja wa hapa Kenya mwenye duka la hadwea, nimelifupisha kidogo: "Mwalimu, habari ya kazi. Mbunge wetu kila akishika maikrofoni anasema yeye ni adui wa ushuru na wa matumizi ya ovyo ya serikali, na ni kweli 2024 alipiga kura ya LA kwa Mswada wa Fedha, jina lake tuliliona. Sasa anataka ugavana 2027 na wimbo ni ule ule. Lakini mimi naona nalipa zaidi ya zamani, na yeye huyo huyo anatuahidi barabara, umeme, basari, kila kitu. Nitajuaje kama huyu mtu anamaanisha au ni maneno tu?"

Mama, asante, na nikujibu kabla sijaenda mbali: ile kura ya LA haikuambii mengi. Inakuambia tu alikuwa wapi siku moja ya joto kali. Kama unataka kumjua, tafuta alifanya nini siku ya kupitisha matumizi, manake hapo ndo ushuru wako unazaliwa, na hapo ndo wabunge wengi wanaojiita maadui wa ushuru huwa kimya kabisa.

Nieleze vizuri. Watu wengi wanadhani bajeti ni ile hotuba ya Juni na mkoba wa Waziri, halafu Mswada wa Fedha, basi. Ukweli ni kwamba kuna vitu viwili tofauti vinavyopita bungeni karibu wakati mmoja. Kuna mswada wa kuidhinisha matumizi, huu unasema wizara gani inapewa ngapi, na kuna Mswada wa Fedha, huu unasema pesa za kulipia hayo zitatoka wapi, yaani ushuru upi unapanda na upi unabadilishwa. Na mchezo wenyewe unaanza mapema zaidi, mwezi wa pili, Hazina inapopeleka bungeni taarifa ya sera ya bajeti, ndani yake kuna viwango vya juu vya kila sekta. Bunge likishavikubali hivyo viwango, aisee, kazi kubwa imekwisha. Kisha kufikia tarehe 30 Aprili makadirio kamili yanafika bungeni, Katiba imetaka yafike angalau miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kuisha, na mwaka wa fedha unaisha Juni 30. Kwa hivyo ukifika Juni ukasikia watu wanapiga kelele kuhusu ushuru wa mkate, jua kwamba Februari kuna watu walikaa kwenye kamati wakakubali matumizi ambayo hayawezi kulipwa bila ushuru wa mkate au deni jipya, na siku hiyo hakukuwa na kamera hata moja.

Sasa chukua 2024 yenyewe. Mswada ulikuja na VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 kwa mkate, ushuru wa gari wa asilimia 2.5 ya thamani yake kwa mwaka, tozo ya mazingira, na mengine. Serikali ilikuwa inatafuta takriban shilingi bilioni 346. Vijana wakaingia barabarani, baadhi ya mapendekezo yakaondolewa, na tarehe 25 Juni mswada ukapita kwa kura 195 dhidi ya 106, siku hiyo hiyo waandamanaji wakaingia bungeni, watu wakauawa, vijana wadogo kabisa, na kesho yake Rais Ruto akasema hataweka saini. Mbunge wako alikuwa kati ya wale 106. Sawa, nampa haki yake, kusimama upande ule siku ile halikuwa jambo jepesi kwa kila mtu.

Lakini angalia kilichofuata. Mswada wa Fedha ulikufa, lakini matumizi hayakufa nao. Sheria ya matumizi ilipita na Rais akaitia saini huku akiagiza ipunguzwe kupitia bajeti ya ziada. Yaani nchi ilianza mwaka wa fedha na orodha ya matumizi ya trilioni kadhaa na shimo la bilioni 346 katikati. Rais akatangaza Julai kwamba anapendekeza kupunguza matumizi kwa bilioni 177 na kukopa bilioni 169. Umeona hapo? Karibu nusu ya ushuru "uliokataliwa" iligeuka deni. Deni hilo halijatoweka, linakusubiri tu mbele, tena na riba. Kwa hivyo swali la kumuuliza mheshimiwa si "ulipiga kura gani tarehe 25", swali ni hili: zile bilioni 177 za kupunguza, wewe ulipendekeza zitoke wapi? Ulisimama kwenye mjadala wa bajeti ya ziada ukasema kata hapa na hapa? Au ulienda mapumziko ukirudi unatembea kifua mbele kama shujaa?

Na hapa nataka nikae kidogo, manake ndo kiini cha mambo. Serikali ina njia tatu tu za kulipia kitu: itoze, ikope, au isifanye hicho kitu. Hakuna ya nne. Mwanasiasa anayepinga ushuru bila kutaja kitu anachotaka kisifanywe ameunga mkono deni, hata kama hajui. Tena wabunge wetu wameliunga mkono waziwazi. Mwaka 2019 walikubali kuondoa kikomo cha zamani cha deni wakaweka shilingi trilioni 9. Juni 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi, kikapandishwa kuwa trilioni 10. Halafu 2023 wakabadilisha kabisa, kikomo kikawa asilimia 55 ya pato la taifa na nafasi ya kupita kidogo. Deni letu lilikuwa chini ya trilioni 2 katikati ya 2013, kufikia katikati ya 2024 limepita trilioni 10. Kila mara hizo kura zilipopigwa hakukuwa na maandamano, na ninavyoona mimi zilikuwa kura za ushuru kubwa kuliko Mswada wowote wa Fedha, manake ndizo zilizotufikisha mahali ambapo Rais mwenyewe alisema 2024 kwamba kati ya kila shilingi 100 za ushuru, 61 zinaenda kulipa deni. Februari 2024 tulikopa dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75 ili tupate kulipa ile Eurobondi (mkopo kutoka kwa wawekezaji wa nje) ya dola bilioni 2 ya 2014 iliyokuwa inaiva Juni. Dawa ya deni ni kulipa, na malipo ya deni la taifa hayapigiwi kura kila mwaka kama wizara, Katiba imeyaweka moja kwa moja kwenye mfuko mkuu, yanatoka kwanza kabla ya daktari na kabla ya mwalimu. Kwa hivyo mbunge aliyesema NDIYO kwa trilioni 9, NDIYO kwa trilioni 10, halafu LA kwa mkate, mimi sitamwita mpinzani wa ushuru. Kama wako alikuwa bungeni miaka hiyo, mtafute kwenye Hansadi, ile kumbukumbu rasmi ya yaliyosemwa bungeni.

Umesema unalipa zaidi ingawa mswada ulikataliwa. Hujakosea. Duka la hadwea kama lako, kama mauzo yako kwa mwaka ni kati ya milioni 1 na milioni 25, uko kwenye ushuru wa mauzo, na huo Sheria ya Fedha ya 2023 iliutoa asilimia 1 ikaupeleka 3. Tuseme unauza misumari, rangi, mabati na simiti za 200,000 kwa mwezi. Zamani ulikuwa unalipa 2,000 kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, sasa ni 6,000, na hii inakatwa kwa mauzo, siyo faida, KRA, mamlaka ya ushuru, haijali kama simiti umeuza kwa faida ya shilingi 30 tu kwa mfuko. Sheria ile ile ya 2023 ndo ilitoa VAT ya mafuta asilimia 8 ikaweka 16, kwa hivyo lori linalokuletea mzigo likapanda bei pia. Kama una kijana umemwajiri, kuna ushuru wa nyumba, asilimia 1.5 ya mshahara wake inatoka kwake na 1.5 nyingine kwako. Kuukataa mswada wa 2024 hakukugusa chochote cha 2023.

Halafu kuna ushuru unaopanda bila mbunge kupiga kura kabisa, na hapa ndo ninapowapimia wanasiasa wengi. Julai 2024, wiki chache tu baada ya mswada kutupwa, tozo ya ukarabati wa barabara kwenye mafuta ilitoka shilingi 18 kwa lita hadi 25. Ilifanywa kwa kanuni za wizara. Hakukuwa na kura ya majina, hakukuwa na 195 wala 106. Desemba mwaka huo huo Rais akatia saini sheria ya marekebisho ya ushuru iliyorudisha baadhi ya mambo yaliyokuwa kwenye mswada uliokufa. Wale waliopiga kelele Juni, wangapi walipiga kelele Desemba? Watu walikuwa wanajiandaa kwenda ushago kwa Krismasi.

Kuna pia ujanja wa VAT ambao nataka uujue kwa sababu wewe ni mfanyabiashara utauelewa haraka. Bidhaa inaweza kuwa kwenye orodha ya asilimia sifuri au kwenye orodha ya kusamehewa, na kwa mnunuzi zote mbili zinaonekana kama "haina VAT". Lakini mwenye kutengeneza bidhaa ya asilimia sifuri anadai kurudishiwa VAT aliyolipa kwenye malighafi, umeme, vifungashio. Yule wa bidhaa iliyosamehewa hadai, hiyo gharama anaimeza au anakuongezea kwenye bei, na unajua atachagua lipi. Kwa hivyo serikali ikihamisha kitu kutoka orodha ya kwanza kwenda ya pili inaweza kusema kwa kinywa kipana kwamba haijaongeza ushuru, na bei bado ipande. Mswada wa 2025 ulikuja na hamisha-hamisha za namna hiyo. Mwanasiasa anayejua kazi yake anasoma zile kurasa za majedwali nyuma kabisa ya mswada, anayetafuta makofi anasubiri mkate.

Na mishahara nayo. Viwango vya PAYE, yaani ushuru unaokatwa kwenye mshahara kila mwezi, asilimia 10 kwa 24,000 za kwanza, 25 kwa 8,333 zinazofuata, halafu 30, vimekaa vile vile miaka na unafuu wa 2,400 unaotolewa kwenye ushuru huo uko vile vile, wakati bei ya kila kitu imepanda. Mtu aliyekuwa anapata 30,000, ukiacha makato mengine, anakatwa 1,500. Mshahara wake ukipanda hadi 40,000, labda kwa sababu tu maisha yamepanda na mwajiri amemwonea huruma, anakatwa karibu 4,380. Alikuwa anatoa shilingi 5 kwa kila 100, sasa anatoa karibu 11, na hakuna mbunge aliyeongeza ushuru hata kidogo! Mwanasiasa akikuambia anapinga ongezeko la ushuru muulize kama amewahi kupeleka pendekezo la kusogeza hivyo viwango. Hilo ni jambo mbunge mmoja anaweza kuleta.

Sasa upande wa matumizi, kwa sababu najua atakuambia "mimi nitakata ubadhirifu". Kila mtu anapinga ubadhirifu. Ubadhirifu hauna mbunge wala hauna wapiga kura, kwa hivyo ni rahisi kuupinga. Tatizo ni kwamba ukiondoa deni, pensheni, mgao wa kaunti (Katiba inataka usipungue asilimia 15 ya mapato yaliyokaguliwa), mishahara ya walimu, polisi, wanajeshi, kilichobaki cha kukatwa ni kidogo kuliko watu wanavyodhani, na humo ndani kuna barabara yako na dawa za hospitali. Septemba 2022 Rais aliambia Bunge ameagiza matumizi ya kawaida yapunguzwe kwa bilioni 300. Bajeti ya mwaka ule ilikuwa kama trilioni 3.3, iliyofuata ikawa kama trilioni 3.6, na ya 2025/26 imepita trilioni 4. Sisemi hakuna kilichokatwa, kuna vitu vilikatwa, lakini safari za nje na chai za ofisini ukizikata zote bado hujafika nusu ya shimo. Anayetaka kupunguza serikali kweli lazima ataje kitu chenye uzito na chenye wenyewe watakaomkasirikia: shirika gani la serikali lifungwe, mradi gani usimame, idara gani zinazofanya kazi moja ziunganishwe. Baada ya maandamano serikali ilitangaza mashirika 47 yavunjwe. Mbunge wako alisema lipi anaunga mkono lifungwe, hasa kama kuna moja lenye ofisi huko kwenu?

Tena sheria inampa nafasi nzuri sana ya kuonyesha. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma inasema Bunge likitaka kuongeza pesa mahali kwenye makadirio, lazima lipunguze kiasi hicho mahali pengine. Kwa hivyo kila aliyewahi kuingia kamati ya bajeti kuomba barabara ya eneo lake alipaswa kutaja anakata wapi. Hebu soma ripoti za kamati uone wangapi wanaomba na wangapi wanataja. Kuomba ni wengi!

Kuna matumizi mengine ambayo ndo kipimo kikali kuliko yote, yale ya wabunge wenyewe. 2019 walijipatia posho ya nyumba ya 250,000 kwa mwezi kila mmoja na Mahakama Kuu ikaja ikasema ni kinyume cha sheria. NG-CDF nayo, ule mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, inachukua angalau asilimia 2.5 ya mgao wa serikali kuu, mahakama imesema zaidi ya mara moja kwamba haiendani na Katiba jinsi ilivyo, na bado kila chama, kiwe serikalini au upinzani, kinaipigania kufa kupona. Mimi najua basari za CDF zimesomesha watoto wengi, siwezi kubeza hilo, na mzazi aliyepata hiyo hundi ana haki ya kuitetea. Lakini mwanasiasa anayesema serikali ni kubwa mno halafu anataka pesa hizo ziongezwe kwa sababu anazigawa yeye, huyo anapinga matumizi ya wenzake tu.

Usidhani namaanisha hakuna anayepinga kwa dhati. Wapo, na kuna njia zaidi ya moja. Okiya Omtatah ni seneta wa Busia, na watu wengi hawajui kwamba seneta hana kura kwenye Mswada wa Fedha, Katiba imewapa Bunge la Kitaifa peke yake miswada ya pesa. Angeweza kubaki kupiga domo kwenye redio. Yeye na wenzake walienda mahakamani kuhusu Sheria ya Fedha ya 2023, na Novemba 28 mwaka huo Mahakama Kuu ikasema ushuru wa nyumba ulivyowekwa ulikuwa kinyume cha Katiba. Serikali ikarudi na sheria mpya ya nyumba Machi 2024 na ushuru ukaendelea. Julai 2024 Mahakama ya Rufaa ikaibatilisha sheria nzima ya 2023, Oktoba Mahakama ya Juu ikairudisha. Kwa hivyo mwisho wa siku mlipaji hakupata nafuu kubwa mfukoni. Lakini ukilinganisha na hotuba za mazishini, hapa kuna hoja ya maandishi, kifungu kwa kifungu, na mtu amejiweka mahali anapoweza kushindwa hadharani. Huyo hata usipokubaliana naye unajua anasimamia nini.

Linganisha na 2018. Sheria ya VAT ya 2013 ilisema mafuta yataanza kutozwa baada ya miaka mitatu. 2016 ikaongezwa miwili. Ilipofika Septemba 1, 2018 asilimia 16 ikaanza, wabunge wakiwa wamepiga kura ya kuahirisha tena, Rais Uhuru akakataa kutia saini akarudisha na pendekezo la asilimia 8. Kuangusha pendekezo la Rais kunahitaji theluthi mbili, kura 233, na tarehe 20 Septemba ukumbi ulijaa fujo, kelele, watu wakitoka nje, na asilimia 8 ikapita. Miaka mitano baadaye ikawa 16. Walioahirisha mara mbili walijiita watetezi wa mwananchi, lakini kuahirisha siyo kupinga. Wakati wote huo walikuwa wanapitisha bajeti kubwa zaidi kila mwaka. Nani alifikiri zitalipwa na nini?

Kuhusu ugavana, hapa mama unahitaji kumbana zaidi manake mambo yanageuka. Gavana hatozi VAT wala PAYE, hizo ni za serikali kuu. Yeye na wawakilishi wa wadi wana sheria yao ya fedha ya kaunti: leseni ya duka lako, ada ya kuegesha gari, sesi (tozo ya kaunti) ya mchanga na kokoto inayoingia kwenye bei unayonunulia, kodi ya ardhi na majengo. Kwa hivyo kama anapinga ushuru kwa dhati, akuambie leseni ya hadwea ya ukubwa wako itakuwa ngapi akiingia, na akuambie kwa maandishi. Halafu kuna jambo ambalo nadhani hataki uliulize: Mswada wa Fedha ulipoanguka, mgao wa kaunti zote uliokuwa umeshapitishwa kuwa bilioni 400.1 ulishushwa na ukaishia bilioni 387.4. Ile LA yake ina sehemu yake kwenye hizo bilioni 12.7 zilizopotea. Akikubali na kusema "ndiyo, na ningefanya hivyo tena, na kaunti yangu itaishi na hicho kidogo kwa kufanya hivi na hivi", mheshimu huyo. Akikuambia magavana walionewa na mgao lazima uongezwe, na papo hapo ushuru upungue, basi umepata jibu lako.

Muulize mishahara pia. Kanuni zinasema kaunti isitumie zaidi ya asilimia 35 ya mapato yake kulipa wafanyakazi, na kaunti nyingi zimepita hapo. Kaunti yenu iko wapi, ripoti za Mdhibiti wa Bajeti zinatoka kila robo mwaka na ziko mtandaoni bure, unaweza kuzisoma kwa simu. Kama imepita, mheshimiwa ataajiri wangapi wa wale vijana anaotembea nao kwenye kampeni? Maana hapo ndo matumizi ya kaunti yanapofura, siyo kwenye maua ya ofisi ya gavana.

Jinsi ya kufuatilia rekodi yake ya bungeni: Hansadi iko kwenye tovuti ya Bunge, tafuta jina lake na miezi ya Februari hadi Juni kila mwaka. Ujue kura nyingi ni za sauti tu, Spika anasema wa NDIYO wameshinda na jina la mtu halirekodiwi, kwa hivyo kukosa kura yake isikushangaze, tafuta maneno yake badala yake, alisimama akasema nini kwenye mjadala wa makadirio. Shirika la Mzalendo nalo linafuatilia nani anaongea bungeni na nani haongei. Misamaha ya ushuru usiisahau, Katiba inataka kila msamaha uwekwe kwenye rekodi ya umma na uripotiwe kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Kampuni ikisamehewa ushuru ni sawa na kupewa pesa, na wewe ndo unajaza pengo lake, kwa hivyo mpinzani wa kweli wa matumizi huuliza na hiyo.

Usingoje mkutano wa kampeni kumuuliza, pale utapigiwa vuvuzela. Makadirio yakishafika bungeni mwisho wa Aprili, kamati zinatangaza kwenye magazeti na kwenye tovuti ya Bunge kwamba zinapokea maoni ya wananchi, na maoni ni barua au barua pepe tu, ukurasa mmoja unatosha. Andika kuhusu ule ushuru wa mauzo wa asilimia 3, weka hesabu ya duka lako kama nilivyoweka hapo juu, taja na kitu kimoja kwenye bajeti ambacho uko tayari kukikosa ili ushuru huo ushuke. Nakala mpelekee yeye ofisini kwake, igongwe muhuri wa kupokelewa, na umwombe akujibu kabla ya kura ya matumizi.